Chumba cha Kompyuta pale Nyawera

Twende pamoja, tuanzie juu, sokoni Kadutu mjini Bukavu, saa moja asubuhi, mwezi wa tatu mwaka 2008. Kanyaga pembeni penye mawe, maana mvua ya usiku imeacha utelezi. Akina mama waliotoka Kabare wanapanda huku sisi tunateremka, mizigo ya makala na mboga mgongoni, kamba imezungushwa kwenye paji la uso, wanasalimiana kwa Kimashi bila kusimama. Kila mlango unatoa moshi wake. Hapa wanachemsha chai, pale mafuta ya mawese yameshaanza kunukia ndani ya sufuria, na kwenye kona mtu anakaanga sambaza mapema yote hii. Samaki hao wadogo walipandikizwa Ziwa Kivu kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950, lakini kwetu sisi tuliozaliwa baadaye, asubuhi isiyo na harufu ya sambaza si asubuhi ya Bukavu.

Mji umejengwa juu ya vilima na rasi tano zinazoingia ziwani, mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari. Kila safari ni ya kupanda au kuteremka, na ziwa linaonekana na kupotea kadiri barabara inavyopinda. Ukungu ukifunguka utaona ng'ambo, vilima vya Cyangugu, na pale mto Ruzizi unapotoka ziwani kwenda kuzungusha mitambo ya umeme. Pikipiki zinapiga honi. Redio ya fundi viatu imefunguliwa Radio Maendeleo. Tukifika Nyawera tupite nyuma ya wauza vitunguu, tuingie kichochoro kilicho kati ya duka la dawa na fundi cherehani. Mlango wa bluu ndio huo. Usigonge sana, sukuma tu.

Ndani palinuka vumbi lililopashwa moto na plastiki ya zamani, harufu anayoijua yeyote aliyewahi kufungua kasha la kompyuta ya mezani. Mashine zetu zilitoka Ulaya zikiwa zimetumika maofisini kwa miaka, skrini zenye mgongo mkubwa, kibodi za Kifaransa ambazo herufi A imekaa pale Waingereza wanapoweka Q. Jioni, dada aliyepokea pesa alizifunika kwa vipande vya vitenge ili vumbi lisiingie, kila mashine na kitenge chake, mpaka tukawa tunaziita kwa michoro: ya ndege, ya maua, ya samaki. Ukutani ulipita ufa mrefu. Uliachwa na tetemeko la tarehe 3 Februari, lile la Jumapili asubuhi lililotikisa Bukavu na Cyangugu, ambalo baada yake watu wengi walilala nje wakiogopa kuta zao. Kwenye ncha ya ufa huo Yaya alikuwa ameandika tarehe kwa penseli, apate kujua kama unaendelea kutambaa.

Nilimwita Yaya kama tunavyowaita kaka na dada wakubwa, ingawa hatukuzaliwa tumbo moja. Yeye aliniita mudogo. Alikuwa mtu mpole, mwembamba, aliyezungumza polepole, na kabla ya kugusa kibodi alivua saa yake ya mkononi na kuiweka mezani upande wa kushoto. Dada wa pesa alikuwa na mwandiko mzuri kuliko sisi sote. Yeye ndiye aliyeandika majina ya wateja kwenye daftari kubwa, saa ya kuingia, saa ya kutoka, na kiasi walicholipa, faranga kwenye safu moja na dola kwenye safu nyingine.

Mtandao ulitujia kwa setilaiti, kupitia dishi lililofungwa juu ya mabati, na gharama yake ilikuwa inatuumiza. Chini ya mteremko kulikuwa na ofisi ndogo ya ushirika wa wakulima iliyotaka kugawana nasi. Kuvuta waya mpaka kule kulimaanisha kupita juu ya nyumba za watu, kwa hiyo Yaya alitafuta kadi ya mawimbi yenye chipu ya Atheros na kuichomeka kwenye mashine ya samaki, ile iliyokuwa seva. Seva hiyo iliendeshwa na Debian 4.0, toleo lililotoka Aprili 2007, likiwa na kerneli ya Linux, yaani kiini cha mfumo, namba 2.6.18. Draiva ya kadi, MadWifi, haikuwamo ndani ya kerneli. Ilibidi tuikompaili wenyewe, yaani tuijenge kutoka kwenye msimbo wake. Hapo ndipo tulipoanza kuishi na faili zisizoonekana.

Faili la heda, lile linaloishia na .h, ni kama mshenga. Linataja majina na ahadi, kwamba kuna kazi ya jina hili, inapokea hiki na kurudisha kile, lakini mali yenyewe imebaki nyumbani. Kompaila haiendelei na programu kabla ya kumsikiliza. Asipofika, shughuli inasimama palepale. Mashine inaandika jina la heda, faili lililoiita, namba ya mstari, kisha inasema hakuna faili wala saraka ya jina hilo. Nimesoma ujumbe mwingi wa lawama maishani mwangu, na bado naupenda ule, kwa sababu unakutajia hasa kinachokosekana na mahali kilipohitajika.

Siku ya kwanza hatukufika hata kwenye draiva. Yaya alitaka kunionyesha kompaila inavyofanya kazi, akaandika programu ya mistari michache ya kutoa salamu kwenye skrini, na mashine ikajibu kwamba haioni stdio.h, heda inayohitajika karibu na kila programu ya lugha ya C. Kompaila ilikuwapo, heda zake hazikuwapo. Akanieleza kwamba waandaaji wa Debian hutenganisha vitu vya mtumiaji na vitu vya mjenzi. Mtu anayetumia programu tu hana haja ya heda, kwa hiyo huwekwa kwenye vifurushi vya peke yake, vingi vikiwa na jina linaloishia na -dev, na usipoviomba havikufikii. Diski yetu moja ya kuanzia ilikuwa ya mtumiaji.

Kisha akanieleza jambo ambalo nimeona likiwapotosha hata mafundi wakubwa. Chini ya /usr/include/linux kuna heda zinazotokana na kerneli, lakini hizo ni za programu za kawaida, na wakati ule Debian ilizileta kwenye kifurushi kiitwacho linux-kernel-headers. Draiva inataka nyingine: heda za kerneli ileile inayoendesha mashine wakati huo, zinazofikiwa kupitia /lib/modules, chini ya jina kamili linalotolewa na amri ya uname -r. Majina yanafanana na kazi ni tofauti kabisa. Mtu akiielekeza draiva kwenye zile za kwanza atapata makosa mia, na hakuna hata moja litakalomwambia kwamba amegonga nyumba isiyo yake.

Sisi tulikuwa na 2.6.18-4-686. Tulipofungua /lib/modules/2.6.18-4-686/build hapakuwa na kitu.

Kuvuta vifurushi vyote hivyo kwa setilaiti mchana, wateja wakiwa wamejaa, hakukuwezekana. Lakini Bukavu tunajua kuagiza. Mzee mmoja muuza vitenge alikuwa akienda Kampala kwa basi, kupitia Kigali, na huko alifahamiana na kijana wa duka la kompyuta. Dada akachukua karatasi ya mraba-mraba, akaandika orodha kwa ule mwandiko wake: build-essential, libc6-dev, linux-kernel-headers, linux-headers-2.6.18-4-686, linux-kbuild-2.6.18, libncurses5-dev. Mzee akavaa miwani, akapitisha kidole chini ya kila mstari.

"Muniandikie muzuri, nisikosee," alisema.

"Papa, usiyasome, uwape tu karatasi," Yaya alimjibu. "Waangalie na namba. Namba ndiyo ya maana."

Mzee akaikunja karatasi mara nne, akaiweka ndani ya kidaftari chake cha bei za vitambaa. Siku alizokuwa safarini nilipita dukani kwake kila asubuhi, nikijifanya nasalimia.

Alirudi na diski ndani ya bahasha iliyonukia vitenge vipya, ile harufu ya wanga na rangi ambayo haijaguswa na maji. Tulifungua vifurushi kimoja kimoja. Heda za C zilikuwamo, na programu ya salamu ikatoa salamu yake, tukapeana mikono. Lakini libncurses5-dev haikuwamo, na heda za kerneli zilikuwa za 2.6.18-6-686. Debian ilikuwa ikibadilisha namba hiyo ya katikati pale marekebisho ya usalama yalipogusa undani wa kerneli, na wakati huo ile ya 4 ilikuwa imeshapitwa. Draiva ilijengeka kwa heda hizo, ila kerneli yetu iliikataa mlangoni kwa sababu muhuri wa namba ya toleo haukulingana. Kijana wa Kampala, kwa ukarimu wake, alikuwa ameongeza zawadi mwishoni mwa diski: msimbo mzima wa kerneli 2.6.24, mpya kabisa, iliyotoka Januari, karibu mistari milioni 9, ukiwa umeshafunguliwa ndani ya folda yake.

Yaya aliutazama kwa muda. Akavua saa.

"Mudogo, tujenge ya kwetu."

Natamani ungelikuwapo jioni ile. Mvua ya masika ilipiga mabati mpaka tukawa tunaongea kwa kupaza sauti. Dada aliwasha jiko la makala kwenye baraza, akachoma mahindi, na moshi ukaingia chumbani pamoja na ubaridi. Bila ile libncurses hatukuweza kutumia menyu ya kuchagulia, yenye madirisha ya bluu. Tukachukua mipangilio ya kerneli ya zamani iliyokuwa ndani ya /boot, tukainakili, tukaandika make oldconfig, na mashine ikaanza kuuliza maswali, moja baada ya jingine, kuhusu kila kilichoongezwa tangu 2.6.18. Je, unataka draiva ya kifaa hiki? Na hiki? Vingine hatukuwahi kuviona wala kuvisikia. Nilisoma kwa sauti, Yaya alitafakari, akasema hapana, au acha kama ilivyo. Nilijifunza siku ile dunia ina vyombo vingi kiasi gani, na kwamba kuna watu mahali fulani waliokaa kuviandikia draiva na kuzitoa bure, mpaka zikafika kichochoroni kwetu Nyawera ndani ya bahasha ya muuza vitenge.

Wateja walipoondoka tukaandika make. Mistari ikaanza kupanda, CC kisha jina la faili, CC kisha jina la faili. Ilikuwa mashine ya zamani yenye kumbukumbu ndogo, na kazi hiyo ingeila usiku mzima na zaidi. Tulizima skrini kuokoa umeme, tukabaki tukisikiliza feni na diski ikikwaruza. Kwa mbali korali ya parokia ilikuwa inafanya mazoezi, inarudia ubeti uleule, sauti ya nne ikikosea na mwalimu akiwasimamisha.

Umeme ulikatika usiku. Betri ya gari na inveta vilitusogeza kidogo, navyo vikachoka. Uliporudi tulifurahi, kwa sababu make haianzi upya, huendelea pale ilipoachia kwa kulinganisha tarehe za faili. Lakini mara skrini ikajaa maonyo kwamba faili zinatoka wakati ujao. Ile betri ndogo ya duara iliyomo ndani ya mashine ilikuwa imekufa, na kila umeme ulipokatika saa ya seva ilirudi mwaka 2002. Kazi tuliyoifanya jioni ilionekana kuwa haijafanyika bado. Yaya alichukua saa yake pale mezani, akaisogeza karibu na mwanga, akaiandikia mashine tarehe na saa kwa amri ya date. Asubuhi nilikwenda kwa fundi saa, mzee mwenye lenzi jichoni aliyekaa chini ya mwavuli karibu na soko. Alinichagulia betri ya CR2032 kutoka kwenye kopo la maziwa ya unga, akaionja kwa ncha ya ulimi, akaridhika.

Kazi ikaendelea mpaka ikafika kwenye net/netfilter, sehemu inayochuja na kutia alama vifurushi vya mtandao. Hapo ikasimama. Ilikuwa inataka linux/netfilter/xt_mark.h, ikasema haipo.

Tuliitafuta. Kwa kuzoea mambo yetu, tulidhani itakuwa kwenye kifurushi kingine tena, nikaanza kumfikiria mzee wa vitenge na safari yake inayofuata. Yaya alikataa. Hii si heda ya nje, alisema, ni ya kerneli yenyewe, lazima iwe imekuja na msimbo. Akaorodhesha folda. Mimi niliona xt_mark pale, nikamwonyesha. Yeye naye aliona. Faili lipo, mashine inasema halipo. Tuliandika amri upya, tukaangalia ruhusa, tukaangalia kama diski ilisomeka vibaya. Fundi cherehani wa jirani aliingia kuomba chaji ya simu, akasimama nyuma yetu akitazama kwa heshima ya mtu anayemwona daktari akipima.

Dada alikuwa anafunga hesabu za asubuhi. Akaja na kalamu mkononi, akainama mbele ya skrini. Alikuwa amezoea kutofautisha majina, maana kwenye daftari lake wateja wawili wenye jina moja huandikwa tofauti wasije wakachanganyiwa deni.

"Yaya, hizi hazifanani," alisema, akiweka ukucha juu ya kioo. "Hii munayotafuta iko na herufi ndogo. Ile iko pale ni kubwa."

Lilikuwa xt_MARK.h. Lenye herufi kubwa lilikuwapo, lenye herufi ndogo halikuwapo, na kwenye Linux hayo ni majina mawili. Yaya aliegemea kiti, akafumba macho, akatabasamu. Kwenye netfilter baadhi ya faili huja kwa jozi: herufi ndogo ni za kutambua kifurushi cha mtandao, herufi kubwa ni za kukitendea jambo. Kuna xt_mark na xt_MARK, xt_dscp na xt_DSCP, na wenzao. Windows kwa kawaida haitofautishi kubwa na ndogo katika majina ya faili. Aliyefungua msimbo huo kwenye Windows angeulizwa kama abadilishe faili lililopo, na akijibu ndiyo, la pili hukalia mahali pa la kwanza. Yaya alimpigia simu kijana wa Kampala, akazungumza naye kwa upole, kwa Kiswahili cha polepole ili waelewane. Ndivyo ilivyokuwa. Alikuwa ametuandalia kila kitu tayari tusihangaike.

Hatukuweza kunakili heda moja na kuipa jina la nyingine, maana yaliyomo yalikuwa tofauti na jozi zilizopotea zilikuwa nyingi. Tulihitaji msimbo ukiwa bado umefungwa, faili la megabaiti 45 hivi, kutoka kernel.org. Basi tukawa tunauvuta usiku, baada ya wateja, kwa wget -c, amri inayokumbuka ilipokomea hata muunganisho ukikatika. Mimi ndiye niliyelala pale kuulinda, juu ya mkeka kati ya mashine ya ndege na ile ya maua.

Hizo ndizo nyakati ninazozikumbuka kuliko zote. Ukitoka nyuma, ukapita pipa la maji ya mvua, kulikuwa na ukingo mdogo wa ukuta ambapo ungeweza kukaa na kuona kipande cha ziwa. Usiku wenye giza wavuvi wa sambaza walikuwa kazini. Mitumbwi yao mitatu-mitatu imefungwa pamoja kwa miti mirefu, taa zimening'inizwa juu ya maji ili samaki wapande, na wanapopiga kasia kutoka au kurudi wanaimba kwa kupokezana. Sauti ilipanda mpaka kwetu ikiwa nyembamba, ikikatwa na upepo. Nilikuwa na koti la Yaya mabegani, avoka na mkate mapajani. Kila baada ya muda niliingia ndani kuangalia asilimia imefika wapi, nikatoka tena. Kulikuwa na usiku ambao asilimia haikusogea kabisa na sikuona shida.

Faili lilipotimia, Yaya alilipima kwa bzip2 -t. Amri hiyo haisemi kitu faili likiwa zima. Tulisubiri kimya, na kimya ndicho kilichojibu. Tukafungua, tukaweka mipangilio yetu ileile, tukajenga. Ilipita netfilter bila kusita, dada akihesabu jozi zake kwa sauti zilipokuwa zikipita, mark, MARK. Mwishoni ukatokea mstari unaosema bzImage iko tayari. Kerneli ya zamani tuliiacha kwenye menyu ya kuwashia, kwa usalama. Mpya ikawaka.

Draiva nayo ilikuwa na neno lake la mwisho. Kopi tuliyokuwa nayo ilikuwa ya zamani, ikaomba linux/config.h. Hiyo haikupotea mikononi mwa mtu; wenye kerneli waliiondoa kabisa katika 2.6.19, kwa kuwa mipangilio sasa huingizwa yenyewe wakati wa kujenga. Ukifuta mstari unaoiita, kompaila inasonga mbele. Ilisonga, ikakutana na mengine yaliyobadilika ndani zaidi, Yaya akasema tusipoteze mafuta ya taa, tuvute MadWifi mpya, ni faili dogo. Usiku mmoja ulitosha. Kesho yake, antena ikiwa imefungwa kwenye bomba juu ya mabati, katibu wa ushirika alitupigia kutoka chini ya mteremko kusema ukurasa umefunguka. Tukasikia furaha yake mara mbili, kwenye simu na kupitia dirishani.

Wiki hizohizo kerneli 2.6.25 ilitoka, Aprili 2008, ikiwa na draiva ya Atheros ndani yake, ath5k. Mwanzoni haikuweza kuigeuza kadi iwe kituo cha kuwagawia wengine mtandao, kwa hiyo ile ya kwetu iliendelea na kazi.

Kila tulichokutana nacho dada alikiandika kwenye daftari la pili, lenye jalada la kijani, ambalo Yaya aliliita daftari la heda. Ukurasa mmoja kwa kosa moja: jina la faili linalokosekana, tulilokuwa tunafanya, lilikuwa wapi, tulilipata vipi. Kifaransa kilichanganyika na Kiswahili chetu cha Kivu. Vijana wa vyumba vingine vya kompyuta mjini walianza kuja kuliazima, na mmoja alilichukua mpaka Uvira kwa wiki kadhaa, akarudisha likiwa na kurasa tatu za mwandiko wake na doa la mawese. Ukurasa wa xt_mark dada aliupigia mstari mara mbili. Chini yake aliandika kwamba kosa la kwanza kabisa kwenye skrini ndilo la kusomwa, mengine yaliyofuata mara nyingi ni watoto wake. Mpaka leo sijakuta ushauri bora kuliko huo kwa mtu anayejenga kerneli.

Siku hizi mlango wa bluu umepakwa rangi nyingine na ndani wanauza simu. Yaya anafundisha. Dada ana duka lake la vifaa vya shule, na daftari la kijani lipo kwake, nimeliona, kurasa zimeanza kuachana.

Nawaandikia ninyi mliokaa kwenye vyumba vya namna ile, Bukavu, Goma, Uvira, Bujumbura, Kigoma, popote mlipojenga vitu kwa diski zilizokuja ndani ya mizigo ya wasafiri. Maelezo ya kazi hii yamejaa kwa Kiingereza, yapo kwa Kifaransa, na kwa Kiswahili ni haba mno. Toeni madaftari yenu. Andikeni jina la faili, namba ya mstari na mlichofanya, kwa Kiswahili mlichokuwa mkizungumza siku hiyo, na muwape vijana wanaoanza sasa wakanakili.